Kimya cha Kila Asubuhi

Gatete, Jumatatu 19 Februari 2024

Mdogo wangu Zubeir,

Amahoro. Mama anakusalimu. Mguu umepungua kuvimba na jana alikula vizuri. Habari njema zimeishia hapo.

Maji yamefungwa tena. Hii ni wiki ya pili. King'ora cha stesheni ya pampu kinalia, vali inajifunga yenyewe, na robine zote za kuchotea maji hapa Gatete zinakauka, hii yangu ninayoisimamia pamoja na zile za barabarani. Hamisi, mlinzi wa stesheni, ameniapia kwamba dawa ya kuua vijidudu iko ndani ya tangi. Ameimwaga mwenyewe, na ukiinamia mfuniko harufu yake inakupanda puani. Lakini mashine inasema hakuna dawa, na mashine ndiyo inayosikilizwa.

Unajua wanawake wanakwenda wapi? Ziwani. Na ziwa la mwaka huu si lile ulilokuwa unaogelea. Limepanda hadi kwenye nyumba za chini, limemeza vyoo vyote vya ufukweni, na watu wanachota humo humo. Kwenye kituo cha afya wameshapiga mahema ya kipindupindu. Nesi Généreuse harudi tena nyumbani kwake, analala huko huko. Jana nilimsimamisha jirani yangu Elda, yule mama aliyetoka Baraka, ng'ambo ya ziwa, anayeuza samaki wadogo wa ndagala, nikamwambia asiwape watoto wake maji yale bila kuyachemsha. Akaniuliza, "Nichemshe na nini, Mama Nasiri? Makala iko wapi?" Hata mimi makaa yangu yamekwisha.

Wewe ndiye unayekaa Bujumbura mbele ya kioo cha ekrani ya mashine hizi. Iambie inyamaze. Sijui mnafanyaje, ila najua inawezekana, uliwahi kunieleza. Ningekupigia, lakini antena ya simu ya hapa haina mazuti ya kuendeshea jenereta; ukipanda kilimani unapata maneno mawili matatu halafu sauti inakatika. Stesheni ina kisahani chake juu ya paa cha kuongea nawe. Mimi sina. Kwa hiyo nampa dereva Hadji barua hii, na gari lake likipata esansi ya injini utaisoma kesho.

Nakuomba, Zubeir. Usinijibu kwamba utaangalia.

Dada yako,
Tahira


Buyenzi, Bujumbura, Jumatano 21 Februari 2024

Dada Tahira,

Assalaam alaikum. Hadji alinikuta mlangoni pa ofisi jana jioni, amechoka kama mtu aliyelisukuma gari lake kutoka huko hadi hapa. Nimesoma barua yako nimesimama.

Hamisi hasemi uongo. Ndani ya bomba kuna kijiti kinachopima dawa ya maji. Tope la mafuriko limekifunika, kwa hiyo kinasoma sifuri hata dawa ikiwepo. Mashine inaamini kijiti, inapiga kelele, inafunga vali. Fundi wa kukisafisha yuko hapa, amekaa kivulini, gari lake halina mazuti tangu mwanzo wa mwezi.

Basi nimefanya ulichoniomba. Katika mfumo wetu kuna mahali pa kunyamazisha kengele kwa muda. Pamewekwa kwa ajili ya mafundi, ili wakiwa kazini king'ora kisiwasumbue. Ukinyamazisha, hakuna kelele, vali haijifungi, na kwenye ekrani yangu Gatete inageuka rangi ya kijivu. Kimya hicho hakizidi siku moja. Kila asubuhi lazima mtu akiongeze kwa mkono wake na aandike sababu. Nimeandika "matengenezo". Wewe unajua hakuna matengenezo. Shefu wangu hapa kazini, Melkiades, hajui.

Sasa nisikilize vizuri, dada. Pampu inavuta maji ya ziwa hilo hilo lenye vyoo ndani yake. Kinachowalinda ni dawa tu. Na kengele ikinyamaza, mimi sioni kitu. Dawa iwepo, dawa isiwepo, kwangu ni kijivu kile kile. Macho ni yako. Nimempa Hadji kichupa cha kupimia na vidonge vyake. Kila asubuhi chota maji ya tangi, tia kidonge, tikisa. Yakigeuka rangi ya waridi, dawa ipo. Yakibaki meupe, dawa hakuna. Siku yatakapobaki meupe niandikie siku hiyo hiyo, nami nitaondoa kimya, vali ijifunge. Msijaribu kuifunga ninyi. Usukani wake mafundi waliung'oa mwaka jana baada ya watu kuilazimisha, na pampu nayo inaamriwa kutoka hapa.

Na tafadhali usipige namba ya ofisi. Anayepokea ni Melkiades.

Mshike Mama mkono kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Zubeir


Gatete, Jumamosi 24 Februari 2024

Zubeir,

Mwenyezi Mungu akulipe. Alhamisi kabla ya adhuhuri robine ilikohoa, ikatema hewa, ikatema maji ya kutu, kisha ikafunguka. Wanawake walipiga vigelegele kama tuko harusini. Mama alitoka na fimbo yake akaja kuangalia, akasema, "Huyu ni mwanangu aliyefanya." Nikamziba mdomo. Sitaki ufukuzwe kazi kwa majivuno ya Mama.

Kila asubuhi napanda na Hamisi hadi kwenye tangi. Anamwaga unga wa dawa, tunasubiri, kisha natia kidonge chako ndani ya kichupa. Waridi. Kila siku waridi, alhamdulillahi. Aksanti, binti mdogo wa Elda, ameshajua saa yangu ya kupanda. Ananifuata na miguu yake mitupu, anataka aone "maji yanageuka". Amewaambia wenzake kwamba mimi ni mganga. Ana miaka minne na ulimi wa mtu mzima. Dada yake Sabine anamwonea haya.

Foleni yangu sasa inafika hadi kwenye kinu cha mawese. Ziwani hakuna tena anayeteka ya kunywa. Généreuse alipita jana na macho mekundu, akaniambia mahema yameanza kupata nafasi, watu wanatoka kwa miguu yao. Akasema, "Sijui ni nani huko juu aliyefungua maji, lakini mwambieni murakoze." Nimekufikishia shukrani zake.

Jambo moja. Ndoo ya unga haiko hata nusu. Muulize mtu wa ghala.

Dada yako,
Tahira


Bujumbura, Jumanne 27 Februari 2024

Dada yangu,

Nimemuuliza wa ghala. Dawa ipo, ndoo zimepangwa hadi darini. Lori pia lipo. Mazuti ndiyo hayapo. Wamesema wakipata tu, lori litaanza na Gatete, kisha literemke Nyanza-Lac hadi Kabonga.

Jana Melkiades alisimama nyuma ya kiti changu. Hana kawaida hiyo.

"Gatete iko kijivu tangu wiki jana," akasema. "Fundi gani yuko kule?"

"Wale wa Rumonge, shefu."

"Nani aliwatuma bila gari?"

"Wana baiskeli."

Nikasikia pumzi yake juu ya kichwa changu. Halafu akasema, "Zubeir, kimya si matengenezo. Kimya ni mlango ulioachwa wazi. Ukisahau kuufunga, wewe ndiye utakayeulizwa." Akaondoka, maana hata yeye siku hizi anashinda akitafuta esansi.

Sijasahau. Kila asubuhi, kabla ya chai, naingia ofisini, naongeza siku moja, naandika uongo wangu wa neno moja, kisha ndipo nawasalimu wenzangu. Nikiona kile kijivu nafikiria foleni yako, nami najiona kama mtu aliyefanya jambo la maana maishani mwake.

Najua barua zinapata shida kufika, usijisumbue kuniandikia kila mara kwamba yote ni mazuri. Tufanye hivi: nisipopata barua, nitajua maji ni ya waridi.

Mdogo wako,
Zubeir


Gatete, Ijumaa 1 Machi 2024

Zubeir, funga.

Unga umekwisha. Jana Hamisi alikung'uta ndoo, akaiosha kwa maji ya tangi ili asipoteze hata kidogo, na rangi ikawa hafifu, nikaogopa. Leo asubuhi nimetia kidonge, nimetikisa, nimesubiri, nimetia kingine. Yamebaki meupe. Meupe kabisa.

Ondoa kimya, vali ijifunge. Bora wakasirike.

Nimempandisha Hamisi kwenye baiskeli hadi Rumonge mjini akupigie. Amerudi anasema simu yako imezimwa. Namba ya ofisi ulinikataza, nami sikumpa. Nimefunga robine yangu kwa kufuli. Wamama wamenitukana mpaka basi. Mmoja amesema nimeuza maji kwa wenye mahoteli. Wengine wamechukua bidoni zao za maji wakaenda robine za barabarani, na mimi siwezi kukimbia huku na huku kuwazuia wote.

Hadji anaondoka sasa hivi, injini inanguruma ninapoandika. Ameniapia atakupa mkononi leo leo.

Funga, ndugu yangu.

Tahira


Bujumbura, Jumamosi 2 Machi 2024

Dada Tahira,

Naandika kwa haraka kwa sababu dereva wa lori la bia amekubali kubeba barua na hataki kungoja. Hao tu ndio hawakosi mazuti.

Usiwe na wasiwasi tena. Lori la dawa limetoka leo asubuhi, nimeliona kwa macho yangu likipinda kuelekea barabara ya kusini, limejaa ndoo. Ninyi ndio wa kwanza. Mimi nimeongeza kimya asubuhi hii na nitaendelea kuongeza, vali haitafungwa. Waache watu wachote.

Mbusu Mama.

Zubeir


Gatete, Jumatatu 4 Machi 2024

Mdogo wangu,

Jibu lako limefika jana, lori la bia lililiacha dukani. Nisamehe. Siku mbili nimekuwa nikikulaumu moyoni, nikisema, nimemwandikia afunge na maji bado yanatoka, huyu mtoto amelala? Kumbe ulijua dawa iko njiani, ukaona watu wasirudi ziwani kwa siku moja tu. Wewe ndiye mwenye akili ya mambo haya.

Nimefungua kufuli. Elda alikuwa wa kwanza, akacheka, akasema, "Mama Nasiri, sasa umetusamehe?"

Kichupa bado kinabaki cheupe na lori sijaliona. Hamisi anasema kuta za tangi zimenywa dawa wiki nzima, haziwezi kuiacha mara moja. Nami nimejiambia hivyo hivyo. Labda daraja limekatika mahali. Ukisikia liko wapi, nijulishe.

Mwezi wa Ramadhani uko mlangoni na sina hata sukari ya uji.

Dada yako,
Tahira


Gatete, Ijumaa 8 Machi 2024

Zubeir,

Aksanti amekufa.

Jumatano asubuhi alikuja Sabine mbio, akasema mdogo wake anajiharishia na hawezi kusimama. Nilipofika, macho yalikuwa yameingia ndani na ngozi ya mkono ukiivuta inabaki imesimama. Tulimbeba kwa zamu, mimi na Elda, hadi kwenye mahema. Généreuse alitafuta mshipa mkono huu, akatafuta mkono ule, akatafuta mguuni, akatafuta kichwani. Mishipa ilikuwa imekauka yote. Alipoupata, yule mtoto alikuwa hamjui tena mama yake. Aliomba maji. Yule mtoto aliomba maji, Zubeir, mpaka akanyamaza.

Hawakumruhusu Elda kumwosha. Walimnyunyizia dawa, wakamfunga ndani ya plastiki. Elda alikuwa na gauni la Aksanti mkononi, la njano, alilolileta kutoka nyumbani akitembea nalo wazi wazi barabarani. Wakamwambia haiwezekani. Akauliza, "Hata kumufunika juu tu?" Wakamwambia haiwezekani. Amerudi nalo.

Na hakuwa peke yake. Mahema yamejaa tena hadi nje, wanalaza watu kwenye mikeka chini ya migomba. Mama yupo huko tangu jana mchana. Nimemwacha na maji ya mshipa, hasemi, ananishika tu kidole. Nimekuja nyumbani kuchukua nguo, nami naandika badala ya kuchukua nguo.

Maji bado yanatoka! Meupe, mazuri, yanang'aa! Nimefunga robine yangu, Hamisi amefunga za barabarani kwa nyaya, watu wanazikata. Nilikuandikia Ijumaa ufunge. Ukanijibu kwamba vali haitafungwa, ukanijibu niwaache watu wachote. Niliwaacha. Nilisimama hapo na ufunguo wangu nikawaacha. Lori lako liko wapi? Kwa nini hukufunga? Ulikuwa unangoja nini?

Wanasema Hadji amepata esansi huko Kabezi. Nampa mtu wa pikipiki barua hii amkute huko. Kama hutafunga hata sasa, sina la kukuambia tena.

Tahira


Kabezi, Jumatatu 11 Machi 2024

Dada yangu,

Barua zako tatu zimefika jana kwa pamoja. Ile ya Ijumaa ya kwanza, ile ya Jumatatu, na hii ya mwisho. Gari la Hadji lilikufa hapa Kabezi siku ile ile uliyompa ya kwanza, esansi imekwisha, akakaa nayo mfukoni siku zote hizo, hadi jana alipopata esansi akanifikia. Na alizoletewa baadaye akaziweka pamoja na ile. Simu yangu ilikuwa imezima, Buyenzi hatukuwa na umeme. Sikujua. Wallahi sikujua kitu. Barua yangu haikuwa jibu, dada. Nilikuwa nakuandikia habari njema tu.

Nilisema nisipopata barua nitajua maji ni ya waridi. Kila asubuhi sikupata barua. Kila asubuhi nikaongeza siku moja, nikaenda kunywa chai.

Nilizisoma kwa kufuata tarehe, hivyo nilikuwa sijafika kwenye habari ya Aksanti nilipokimbilia ekrani. Ilikuwa Jumapili jioni, si saa yangu ya kila asubuhi, mlinzi hakutaka kunifungulia, nikapiga kelele mpaka akafungua. Nikaondoa kimya. Gatete ikawa nyekundu hapo hapo, na vali ikajifunga. Ndipo nikakaa kwenye kiti nikasoma iliyobaki.

Nilikwenda hadi nyumbani kwa Melkiades kwa miguu. Alinipokea na kandambili miguuni, watoto wake wako mezani. Nikamwambia yote, kuanzia neno la kwanza nililoandika. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Yule mlinzi alikwenda hadi Rumonge kupiga simu?" Nikasema ndiyo. "Na namba ya ofisi alikuwa nayo?" Nikasema nilimkataza dada yangu. Akafunika uso kwa mikono miwili. Baadaye akasema, "Ningeipokea, Zubeir. Mimi ningeipokea." Kisha akaniomba beji yangu.

Lori la dawa nililiona likiondoka, sikuliona likisimama. Liko hapa Kabezi, kando ya barabara, limeishiwa mazuti mbele kidogo ya pale gari la Hadji lilipokuwa limekwama. Dereva amelala chini yake juu ya mkeka. Alikataa kunipa ndoo, akasema atafungwa kwa wizi. Melkiades amempigia simu na kumwambia, "Mpe." Nimepata vijana wawili wa baiskeli wanaobeba ndizi. Tunafunga ndoo sasa, mbili kila baiskeli, nami nitasukuma nyuma kwenye vilima. Pikipiki moja inateremka Rumonge na abiria wawili. Ndoo haipandi, barua inapanda, ndiyo maana naandika.

Msifungue kitu hadi nifike. Mama apewe maji yaliyochemshwa yenye chumvi na sukari, hata kama anayatapika, arudishiwe tena. Uza redio yangu mpate makaa.

Na kwa Elda usiseme lolote kuhusu kimya. Mimi ndiye niliyekiweka. Nitamwambia mimi, uso kwa uso.

Zubeir


Gatete, Alhamisi 21 Machi 2024

Zubeir,

Mama amerudi nyumbani tangu Jumatatu. Ni mifupa na maneno, lakini yupo, na anataka kujua kwa nini hukuja kumuaga. Nimemwambia umeitwa Bujumbura kuhojiwa. Akasema, "Wamuhoji, halafu wamurudishe." Généreuse amemkataza kufunga mwaka huu na yeye amemkatalia, kwa hiyo ninamdanganya saa ili afuturu mapema.

Fundi alikuja hatimaye na akakisafisha kijiti. Jumamosi king'ora kililia asubuhi, Hamisi alikuwa amechelewa kutia dawa. Watu wakakasirika kama zamani. Mimi nilikaa chini nikakisikiliza mpaka kikanyamaza chenyewe.

Sasa nakuandikia la Elda, kwa sababu wewe hukumwambia.

Sikulaumu. Nilikuona siku zile mbili ulizokaa hapa. Mikono ilikuwa imechubuka kwa kamba za ndoo, hukulala, ulimimina dawa kama mtu anayezima moto. Na kila ulipomaliza ulipita mbele ya mlango wa Elda, ukapunguza mwendo, ukapita. Mara ya mwisho alikuwa ameketi kizingitini akichambua ndagala, akakusalimu. Ukaitika, ukaenda. Kesho yake ukaondoka.

Kwa hiyo nilikwenda mimi, Jumanne. Nilikaa chini kwenye mkeka wake, Sabine akatumwa nje. Nikamweleza habari ya kijiti na tope, habari ya kimya, habari ya barua zilizopishana. Nilisema jina lako na jina langu. Alisikiliza akiangalia mikono yangu.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Ile mayi haikukuwa na harufu ya dawa. Siku ile ulifungua kufuli, nilisikia tu puani. Nikateka. Ningeenda wapi? Ziwani?"

Nikaanza kulia, nikataka kumshika. Akavuta mkono wake pole pole.

"Ngoja. Miye nilikuwa na pua tu. Weye ulikuwa na kile kichupa. Asubuhi ile ulipima?"

"Nilipima."

"Ikakuambia nini?"

"Ilibaki nyeupe."

"Na miye nilikuwa wa kwanza mu foleni. Nilicheka na weye. Mbona hukuniambia?"

Zubeir, nilitafuta. Lori, barua yako, Hamisi na kuta zake za tangi, vyote vilikuwepo mdomoni, na hakuna hata kimoja kilichotoka. Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi," akaendelea kuchambua ndagala. Nikaondoka bila kuagwa.

Leo asubuhi amekuja kwenye robine na bidoni mbili, Sabine nyuma yake na mzigo kichwani. Wanarudi Baraka, kuna mtumbwi wa injini unaovuka leo. Foleni ilikuwa ndefu. Watu wakampisha. Aliweka bidoni chini ya robine, lakini nilipotaka kufungua akaweka kiganja juu ya mdomo wa bidoni.

"Tutakaa ku ziwa siku nzima," akasema. "Sabine atakunywa hii."

"Nimepima, Elda. Ni waridi. Hamisi ni shahidi, njoo nikuonyeshe."

"Sitaki kichupa. Kunywa weye kwanza."

Foleni nzima ilisikia. Ni Ramadhani, jua limeshapanda, na nusu ya wale wanawake ni wenzangu wa msikitini. Sijui kama alikuwa amesahau au alikuwa anajua. Sikumuuliza. Nilifungua, nikakinga mikono miwili, nikanywa. Akaniangalia koo. Nikakinga tena, nikanywa tena, mpaka maji yakanimwagikia kifuani na kitambaa kikaloa.

Akangoja. Alisimama pale mbele yangu akingoja aone kama nitaanguka, na hakuna aliyemharakisha. Kisha akaondoa kiganja chake, akaniacha nijaze. Nilipombebesha bidoni ya pili alinirekebishia kitambaa begani, kilikuwa kimeteleza. Akasema, "Kwaheri, Mama Nasiri," akateremka na mtoto wake aliyebaki.

Nimerudi ndani, nimemwambia Mama kwamba leo sijafunga. Hakuniuliza kwa nini. Ameniambia nitailipa baada ya Idi.

Ukimaliza huko, njoo.

Dada yako,
Tahira